Wanaume trans (sisi tuliozaliwa na mwili wa kike): tupeane uzoefu wa mwili na faragha na mpenzi

Nahodha_T
Yule kijana aliyeuliza jana kama abaki na fulana ya kubana kifua akiwa kitandani na mpenzi wake amegusa jambo tunalolinyamazia wengi. Tulimwage lote hapa: kifua, ukavu, vifaa, na namna ya kuzungumza na mwenzako. Ombi langu moja, msije na "jiamini tu kaka". Mtu anataka kujua afanye nini mkono unapokaribia mahali asipotaka kuguswa.

Naanza mimi. Fulana ile ni ya saa 8 kwa siku, si zaidi, na haivaliwi usingizini wala mazoezini. Mapenzi nayo ni mazoezi: mbavu zinataka kupanuka, kitambaa kinazizuia, mtu anapata kizunguzungu akidhani ni woga. Ivue mapema, vuta pumzi ndefu, kohoa mara mbili tatu, kisha vaa fulana pana ya kawaida au singlendi yenye mpira kidogo. Na usikubali kuambiwa kwamba kubaki na nguo juu ni kumnyima mwenzako. Ni mwili wako.

MbavuMbili
Singlendi. Naunga mkono kabisa.

Kiraka
Mmeisahau tepu ya kitambaa yenye gundi, ile ya wanamichezo. Haizunguki mbavu, kwa hiyo pumzi inabaki huru. Siku moja kabla, bandika kipande kidogo tumboni ukiache saa 24 uone kama ngozi inawasha. Kata pembe ziwe za mviringo, zile kali zinanyanyuka upesi. Chuchu ifunike kwa kipamba kisicho na gundi. Mwanzo wa tepu bandika bila kuvuta, sukuma titi kuelekea kwapani, vuta kidogo pale katikati, halafu mwisho ulaze bila mvuto wowote. Malengelenge hutokea pale mwishoni mtu anapovuta.

MbavuMbili
Kiraka, hapo unawapoteza vijana. Ukiongeza jasho na msuguano tepu inajikunja katikati ya shughuli, mtu anaing'oa kavu na ngozi inaondoka nayo.

Kiraka
Kosa liko kwenye kuing'oa kavu, tepu haina hatia. Paka mafuta juu yake na pembeni, subiri dakika 10 hadi 15, kisha ikunje taratibu ukiwa umeshikilia ngozi kwa mkono mwingine. Ipumzishe ngozi siku mbili kabla ya kubandika tena.

MbavuMbili
Mwenye kifua kikubwa haimsaidii. Nabaki na singlendi yangu.

Nahodha_T
Nyote wawili mnakubaliana kwenye moja, liandikwe: tepu ya kufungia maboksi na bandeji ya mpira, kamwe. Bandeji inazidi kukaza kila unapopumua, na mbavu zinaweza kuumia vibaya.

Ndege_wa_Usiku
Mnaongea kifua, na shida kubwa zaidi iko chini. Ngoja niieleze yote, maana wengi hupita humo bila kujua kinachowapata.

Testosteroni, homoni ya kiume tunayotumia, inaongeza hamu. Ndani ya miezi michache kisimi kinaanza kukua, na huendelea kwa mwaka mmoja hadi miwili. Mtu anaufurahia mwili wake kwa mara ya kwanza. Wakati huohuo estrojeni, homoni ya kike, inapungua, ukuta wa uke unakuwa mwembamba na mkavu, na bakteria wazuri wanaoulinda wanapungua. Hamu inapanda huku ngozi ya ndani inadhoofika. Ndipo usiku mmoja kunawaka moto, damu kidogo inatoka, na mtu ananyamaza ili asimkatishe mwenzake tamaa. Kunyamaza huko ndiko kunakoharibu zaidi. Safari inayofuata misuli ya nyonga inajikaza hata kabla ya kuguswa, maana imeshajifunza kuogopa. Maumivu yanazidi, kisha mtu anaanza kukwepa hata kukumbatiwa, na mwenzake anadhani hapendwi tena.

Kwa hiyo maumivu yakianza, simama hapohapo. Mkubaliane mapema neno la kusimamisha, na jingine la "punguza mwendo". Mkisimama msigeukiane migongo. Bakini mmeshikana mikono. Halafu kwa muda sahauni kabisa kuingiza kitu. Mikono na midomo inatosha, na kisimi kilichokua kina hisia kali, wengine hupenda kiguswe kwa pembeni au juu ya kitambaa. Misuli inarudi kwa pumzi za tumbo na vifaa laini vya kupanulia, ukianza na kile chembamba kuliko vyote, kwa mkono wako mwenyewe, mpenzi asiwepo chumbani. Mtaalamu wa tiba ya viungo anayejua nyonga anasaidia sana.

Na damu ikijirudia, usimalizie kusema "ni ukavu tu". Ipimwe.

Tumaini_K
Hiyo ya kunyamaza. Asante Ndege.

Zamu_ya_Usiku
Naongeza dawa ya ukavu huo. Estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge cha mikrogramu 10, kwa kawaida ni kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Inayoingia kwenye damu ni kidogo mno. Ndevu hazitaondoka, sauti haitarudi, hedhi haitaanza. Watu wanateseka miaka kwa hofu hiyo tu. Muulize daktari moja kwa moja.

Mpingo
Kabla ya daktari jaribuni mafuta ya nazi, hayana kemikali.

Zamu_ya_Usiku
Mpingo, mafuta yoyote yanadhoofisha kondomu za lateksi, inapasuka bila nyinyi kujua. Hata baadhi ya krimu za estrojeni zina mafuta, someni karatasi yake. Kilainishi cha maji kinafaa kwa kondomu na kwa vifaa vya silikoni. Cha silikoni kinadumu zaidi na hakidhuru kondomu, ila kinaweza kuharibu kifaa cha silikoni. Kwenye cha maji angalia glisirini: ikiwa nyingi inanyonya maji kutoka kwenye ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012 unataka kisizidi miliosmoli 1200 kwa kilo (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake), na kwa uke pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe karibu 4.5.

Mpingo
Wasiotumia kondomu je? Mafuta yana shida gani kwao?

Shina
Hapo ndipo ninapotaka wote msimame. Wapo wanaoacha kondomu kwa sababu hedhi imekatika, wakiamini testosteroni imeshafunga kizazi. HAIJAFUNGA. Yai linaweza kupevuka hata kama hedhi haijaonekana kwa mwaka. Na kwa vile hakuna hedhi ya kukosa, mimba haishtukiwi: kichefuchefu kinasingiziwa chakula, tumbo linasingiziwa unene wa dawa. Wapo waliogundua tayari mtoto anacheza tumboni, na testosteroni wamekuwa wakijidunga muda wote huo, dawa ambayo inaweza kudhuru kijusi.

Tumaini_K
Jamani. Na mtu akishtuka kesho yake asubuhi afanye nini?

Shina
Kidonge cha dharura cha levonojestreli miligramu 1.5 ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Cha ulipristali kinaenda hadi saa 120. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na kinabaki kukulinda miaka. Testosteroni haivizuii kufanya kazi.

Kiraka
Kwa kudumu, kitanzi hakifai kwetu. Kuwekewa kule ni mateso, chukueni kipandikizi cha mkononi, mambo yaishe.

Ndege_wa_Usiku
Usiwafungie watu mlango, Kiraka. Omba kifaa cha uchunguzi, kile cha kufungulia uke, cha ukubwa mdogo kabisa, omba ukiingize mwenyewe, omba dawa ya ganzi. Wiki chache za estrojeni ya ukeni kabla ya hapo zinalainisha mambo. Kwa wengine kitanzi chenye homoni kinamaliza hata matone ya damu yaliyobaki.

Shina
Na vidonge vya kuzuia VVU: ile njia ya kumeza viwili kabla ya tendo na kimoja kimoja baadaye haikuthibitishwa kwa anayeingiliwa ukeni. Sisi ni kila siku.

Mwana_wa_Jeli
Mnaopaka testosteroni ya jeli: nawa mikono kwa sabuni, iache ikauke, vaa nguo juu yake, na osha sehemu hiyo kabla ya kulaliana ngozi kwa ngozi. Inamhamia mpenzi, naye anaweza kuota chunusi na nywele asizozitaka. Akiwa mjamzito, asiguse kabisa.

Tumaini_K
Ninyi wa vifaa vya kuvaa, uume bandia wa kufunga kiunoni kwa mkanda, mbona kimya? Mkanda upi hautelezi?

Shina
Wenye kamba mbili, zinazopita chini ya kila kalio. Wa kamba moja unayumba, na ule wa mtindo wa chupi unastarehesha ila hauvumilii kifaa kizito. Pete ya mkanda inayoshika kifaa ilingane na kipenyo chake; ikilegea, kifaa kinainama na mgongo wako ndio unaoumia. Kaza ukiwa umesimama, keti, kaza tena.

Silikoni halisi isiyo na mota unaweza kuichemsha dakika 5. Zile laini za bei rahisi zina vitundu visivyoonekana, zivalishe kondomu kila mara. Za kuvaa mchana kwenye chupi osha kwa sabuni isiyo na manukato, kausha kabisa, nyunyiza unga wa mahindi mwembamba, la sivyo zinanata na kukuchubua mapajani.

Tumaini_K
Na aliyefanyiwa upasuaji wa kifua, anasubiri muda gani?

Zamu_ya_Usiku
Uzito juu ya kifua asibebe mpaka daktari wake aruhusu, mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Mikono asiinyanyue juu ya kichwa kujishikilia, kovu linapanuka. Alale chali, mwenzake afanye kazi. Chuchu zikiwa zimetolewa na kupandikizwa upya, hisia yake ya zamani huenda isirudi, basi mwambie mpenzi aanze shingoni au mbavuni, asikie wapi panaitika.

MbavuMbili
Na mto mdogo kila upande wa mwili, asigeuke usingizini.