Dagaa, soya au mashudu ya alizeti: kipi kinamlipa mfugaji wa kuku wa mayai?

Mfugaji wa Ngaramtoni
Habari zenu wanajukwaa. Nina kuku wa mayai 300, wana wiki 34, niko Ngaramtoni, Arusha. Chakula nachanganya mwenyewe. Kwa kilo 100: mahindi 53, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) 34, dagaa 3, chokaa 8.5, mifupa 1, chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo. Utagaji si mbaya sana, ila mayai ni madogo kwa umri huo, na wameanza kunyofoana manyoya karibu na mkia. Kila ninayemuuliza ananiambia ongeza protini. Swali langu: kwa pesa ileile niongeze dagaa, nihamie soya, au nizidishe alizeti ambayo ndiyo rahisi huku kwetu? Naomba majibu ya watu waliopima, maana banda hili ndilo linalosomesha watoto.

Mama Trei, Kiboriloni
Pole kaka. Mimi ni mtu wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria akiwa safi na mkavu, protini yake ni zaidi ya asilimia 50, na kuku wanabadilika, unaona kwa macho. Kasheshe ni mchanga. Usinunue aliyekwisha kusagwa, hujui kimeingia nini. Nunua mzima, kisha chukua konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, acha itulie. Nyama itaelea au itashuka polepole, mchanga utatua chini kwanza, utauona umejipanga kama mstari wa kijivu. Kuna muuzaji mmoja nilimfanyia hivyo mbele ya meza yake, mchanga ukajaa kidole kizima. Hapo unalipia dagaa unalisha ardhi.

Ila usizidishe. Ukipita kilo 8 au 10 kwa mia, mayai yanaanza kunuka samaki, na wateja wa Moshi mjini hawakuonei haya, wanarudisha trei.

Bwana Malisho, Usa River
Ndugu wa Ngaramtoni, hesabu yako umeiweka wazi, basi tuifanyie kazi.

Kwanza, usilinganishe vyakula kwa asilimia ya protini peke yake. Tumbo la kuku linaivunja protini kuwa asidi amino, na hizo ndizo anazojengea yai, nyama na manyoya. Ikipungua moja, nyingine hazimsaidii, ni kama fundi mwenye mabati ya kutosha lakini misumari imekwisha. Zinazobaki bila kazi mwili unazivunja na kuzitoa kwenye kinyesi kama asidi ya yuriki. Ndiyo maana mtu akijaza protini ovyo, maranda yanalowa na banda linawasha macho kwa amonia.

Kwenye mchanganyiko wa mahindi na soya, asidi amino inayopungua mwanzo ni methionini. Kwenye mahindi na alizeti, ni laisini. Angalia kilo moja ya kila kimoja, kwa makadirio ya kawaida:

Mashudu ya soya yana laisini gramu 28 hivi na methionini 6. Mashudu ya alizeti yenye maganda yana laisini gramu 10 tu, methionini 6 hadi 7. Dagaa safi ana laisini 40 na zaidi, methionini kama 15. Mahindi yana laisini 2.5, methionini haifiki 2.

Sasa weka chakula chako humo. Protini inakuja karibu asilimia 16, kwenye karatasi kinaonekana kizuri kabisa. Methionini asilimia 0.36, nayo si mbaya. Laisini? Ni asilimia 0.6 tu, wakati kuku wa mayai anataka 0.75 hadi 0.8. Na hiyo ni kama dagaa wako hana mchanga anaousema Mama Trei.

Jaribu hivi kwa kilo 100: mahindi 63, mashudu ya soya 14, alizeti 10, dagaa 3, na madini yabaki yaleyale. Protini ni ileile 16, lakini laisini inapanda hadi 0.78. Methionini itashuka kwenye 0.31, kwa hiyo ongeza methionini ya unga gramu 70 ifike 0.38. Methionini ndiyo inayogusa ukubwa wa yai na manyoya, usiiruke hata kama kipakiti kinaonekana ghali. Changanya kwanza na kilo mbili tatu za unga wa mahindi, ndipo umimine kwenye lundo kubwa, isije ikakaa kona moja.

Mangi wa Himo
Bwana Malisho, nakuheshimu, lakini kwa nini tumfukuze alizeti? Mashudu yanatoka Singida na Manyara, yanapatikana karibu mwaka mzima, na soya bei yake inapanda kila ikijisikia. Kama shida ni laisini, si anunue laisini ya unga? Iliyopo madukani ni asilimia 78. Gramu 250 kwenye kilo 100 zinaleta karibu 0.2. Hiyo 0.6 yake inakuwa 0.8 na soya hajaigusa.

Bwana Malisho, Usa River
Hoja yako ina uzito mangi, na hesabu ni sahihi. Kinachobaki ni nishati. Alizeti yenye maganda ina nyuzinyuzi nyingi mno. Ukiweka kilo 34, chakula kinashuka kwenye kilokalori 2,400 hivi kwa kilo, na kuku wa mayai anataka kama 2,700. Atajaribu kula zaidi ili afidie, na wewe utanunua magunia zaidi. Ukipata mashudu ya alizeti iliyoondolewa maganda, hapo nitakuunga mkono mpaka kilo 20. Yatambue kwa mkono: yenye maganda yanachoma viganja na yana vijiti vyeusi vingi.

Kwa laisini, kilo moja ya soya inafanya kazi ya karibu kilo tatu za alizeti. Kila mtu apige bei ya soko lake siku hiyo.

Binti wa Njiro
Naongeza mawili. Usikimbilie mashudu ya pamba kwa kuwa ni rahisi. Yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, ambayo inafunga laisini, na kiini cha yai kinaweza kugeuka rangi ya kijani cha zeituni mayai yakikaa stoo.

La pili, cheti cha maabara kikisema protini asilimia fulani, jueni kilichopimwa ni nitrojini, kisha ikazidishwa mara 6.25. Ndiyo njia ya Kjeldahl, ipo tangu 1883. Mtu akitia yurea, ile mbolea yenye nitrojini, kwenye dagaa wa kusaga, kipimo kitapanda na kuku hatafaidi chochote. Ulizeni kipimo cha asidi amino, au angalau cha majivu yanayobaki chakula kikiunguzwa, ambacho kinaumbua mchanga.

Mzee wa Machame
Wanangu, kwa soya ya mbegu mnayonunua gunia zima, msiisage mbichi. Ina kizuizi cha tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini tumboni: kuku anakula anashiba, lakini protini inapita tu, na kongosho linavimba. Mimi natia kwenye maji yanayochemka tayari, nusu saa, kisha naianika juu ya turubai mpaka ivunjike kwa meno kwa mlio. Ukipenda kukaanga, geuza bila kuacha, moto wa wastani, ikitoa harufu ya karanga na ganda likianza kupasuka, ondoa. Ikiwa nyeusi umeiunguza, na laisini ndiyo inayoharibika mwanzo. Mbegu nzima ina protini asilimia 37 hivi, si 45 kama mashudu, na ina mafuta mengi, kwa hiyo vipimo vya Bwana Malisho msivibebe vilevile.

Mama Trei, Kiboriloni
Shikamoo mzee, ahsante kwa hilo.
Niulize, mbona kwangu chakula kilekile kinatosha Julai, Februari mayai yanapungua uzito?

Bwana Malisho, Usa River
Joto la Moshi, mama. Kuku akila gramu 110 za chakula chenye laisini 0.78 anapata miligramu 860 kwa siku. Joto likimpunguzia mlo hadi gramu 95, anapata 740. Januari hadi Machi ongeza soya kilo mbili au tatu kwa mia, punguza mahindi kiasi hichohicho, na methionini isogee hadi gramu 90. Ngaramtoni kwenye baridi ya Juni fanya kinyume: mahindi yapande kidogo, kwa sababu kuku anakula ili apate joto.

Mfugaji wa Ngaramtoni
Nawashukuru mno, hasa hesabu ya laisini, sikuwahi kuonyeshwa hivyo. Soya nitaifuata soko la Kilombero, Arusha mjini. Je, nibadilishe chakula siku moja?

Bwana Malisho, Usa River
Hapana. Robo mpya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha chote. Na kabla ya yote washike kuku usiku, fungua manyoya chini ya mkia, tazama utitiri na chawa kwa tochi. Angalia pia msongamano na mwanga mkali. Wakiwa na utitiri, watanyofoana hata laisini ikiwa kamili. Pima trei moja ya mayai kwa mzani leo, uipime tena baada ya wiki tatu, utuletee uzito hapa.