Saa za jeshi kwenye logibuku ya kiraia: tuandike zipi?

Mwanzishaji, Entebbe

Ndugu zangu, nina logibuku mpya mezani. Ya rubani, yaani daftari la kuandikia kila safari na saa zake, si ile kadi ya umiliki wa gari ambayo watu wa Kampala huikimbiza kwa wakopeshaji ada za shule zikibana. Ina wiki mbili na ukurasa wa kwanza bado mweupe.

Nimetoka jeshini baada ya miaka kumi na moja kwenye Mi-17, helikopta ya Kirusi ya kubebea watu na mizigo, na sasa natafuta leseni ya juu kabisa ya rubani wa helikopta ili niajiriwe uraiani. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga wa kiraia, kwa leseni hiyo ni saa 1000. Kati ya hizo, 250 ziwe za ukapteni, yaani ukiwa rubani mwenye dhamana ya ndege, au angalau 70 za ukapteni kamili na zilizobaki ukapteni chini ya usimamizi. Ukapteni ninao wa kutosha, saa 310. Shida ni jumla. Daftari la kikosi linasema nina 940.

Lakini hizo 940 zilihesabiwa kwa desturi ya kikosi chetu: tangu magurudumu yanapoachana na ardhi hadi yanapoigusa tena. ICAO haihesabu hivyo. Kwa ndege ya mabawa, saa huanza ndege inaposogea ili ikaruke, na huisha inaposimama kabisa. Kwa helikopta huanza pangaboi linapoanza kuzunguka, na huisha safari imekwisha na pangaboi limesimama.

Aliyewahi kuwasha Mi-17 anajua dakika zinazopotelea hapo katikati. Unawasha injini ya kwanza, unawasha ya pili, unasubiri zipate joto, unakagua, unaomba ruhusa. Ukirudi, lazima zipoe kabla hujazima. Sijataja siku za kutua porini, pangaboi linazunguka, askari wanapakia magunia ya unga wa posho na maharage, au wanaleta majeruhi mmoja mmoja kwa machela. Nilifanya miruko 700 hivi. Nikiongeza dakika 12 tu kwa kila mruko napata saa 140, na jumla inakuwa 1080.

Sasa niandike 940 au 1080? Msimamo wangu nausema mapema: zile 140 nilizitolea jasho. Nilikuwa kitini, injini zinanguruma, na kitu kikiharibika ni mimi ambaye ningeulizwa. Rubani wa kiraia anayewasubiri watalii wa gorila kule Bwindi huku pangaboi linazunguka anahesabiwa. Mimi kwa nini nisihesabiwe?

Mkufunzi wa Kajjansi

Afande, salamu. Nitakujibu kwa heshima, ila utanisamehe ukali.

Mimi nimesomea Soroti, kwenye chuo kile cha marubani kilichoanzishwa mwaka 1971, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Baba aliuza ng'ombe, walipokwisha akauza kipande cha shamba. Nilihitimu na saa 200 na ushee, kisha nikakaa nyumbani kwa sababu kila nilikobisha hodi walitaka mwenye 500. Leo nafundisha kwenye Cessna 172, kindege kidogo cha injini moja, saa moja leo, nusu saa kesho, kutegemea mwanafunzi amepata pesa ya mafuta au la. Kila dakika iliyomo kwenye logibuku yangu kuna mtu aliitoa mfukoni. Wewe uliruka kwa mafuta ya serikali, na mshahara ukapokea.

Haya, hiyo 12 umeitoa wapi? Kwa nini si 9? Kwa nini si 15? Nimepiga hesabu. Ukiongeza dakika 5 kwa mruko unafika 998, hupati leseni. Ukiweka 6 unafika 1010, unapata. Yaani kazi yako yote ya angani inasimama juu ya dakika moja ambayo hukuiandika siku ile.

Na saa zenyewe si jambo kubwa kwangu. Kubwa ni kilichomo ndani yake. Mwaka 2008 Boeing 737 ya Aeroflot-Nord ilianguka Perm, Urusi, wakafa wote 88. Pamoja na mambo mengine, wachunguzi walitaja kwamba marubani walizoea ndege za Kisovieti, ambazo kifaa chake cha kuonyesha mlalo wa ndege hufanya kinyume na cha Magharibi. Kule kialama cha ndege ndicho kinacholala na mstari wa upeo hutulia. Huku mstari wa upeo ndio unaolala. Usiku, ndani ya mawingu, mtu akizubaa kidogo huelekeza ndege upande usiofaa. Mi-17 yako ilikuwa na kifaa cha namna gani? Leseni itasema saa 1000 tu, haitasema ni za kifaa kipi.

Fundi mstaafu, Bombo

Wanangu, mnagombania dakika ambazo tayari ziliandikwa. Sisi mafundi ndio tuliziandika. Injini haijui kama iko angani au chini, inachakaa kote kote. Mimi nilikaa pale katikati, nyuma ya marubani wawili, nina saa mkononi na kalamu. Kuwasha saa ngapi, kuzima saa ngapi, kila siku ya Mungu. Mwanzishaji, umekwenda kwenye daftari la kikosi. Nenda kwenye daftari la ndege yenyewe. Kama panya hawajalimaliza.

Niliyekaa upande wa pili wa meza

Kwa miaka mingi nilikagua maombi ya leseni. Wapi, si muhimu. Mzee wa Bombo amesema kitu ambacho marubani wengi wa jeshi hawakijui, na laiti wangekijua ningeokoa macho yangu.

Tuanze na sheria. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kifungu cha 3, unasema wazi kwamba hauhusu ndege za dola, na ndege za jeshi, forodha na polisi zinahesabiwa za dola. Kwa hiyo mamlaka ya usafiri wa anga ya kiraia haina jicho ndani ya kambi. Haikukagua ndege yako, haikumpima mkufunzi wako. Ikikubali saa zako inakubali kwa kuamini karatasi. Ndiyo maana karatasi ina uzito kuliko kumbukumbu, hata kumbukumbu ya mtu mwaminifu.

Pili, logibuku ni tamko unalotia sahihi. Kila mstari unaojaza unasema: tarehe hii, kwenye ndege hii, nilifanya hivi. Ukiingiza dakika 12 kwenye kila mstari umetoa matamko 700 ambayo huwezi kuyathibitisha hata moja. Tulikuwa tunaziita saa za kalamu. Niliwahi kushika logibuku ambayo ndege moja ilikuwa mashariki na magharibi ya nchi asubuhi moja. Mwenyewe alikuwa rubani mzuri, hilo sikatai. Alijaza miaka mitano kwa siku mbili, akachoka. Na mnajua yaliyowapata Pakistan mwaka 2020, waziri aliposimama bungeni na kusema leseni za marubani 262 zina mashaka: shirika lao la ndege likafungiwa kwenda Ulaya, wazima na wagonjwa pamoja.

Ningekuwa wewe, ningejaza kila mstari kama daftari la kikosi lilivyo, 940, bila kugusa. Kisha, kwenye karatasi ya peke yake, ningeonyesha ile nyongeza, imetoka wapi, kwa miruko ipi, na nakala ya daftari la ndege nimeambatisha. Anayekagua aone mshono. Akiukubali, heri, akiukataa, 940 zako hazijachafuka. Waajiri wa nje hufanya hivyohivyo. Baadhi huongeza wenyewe sehemu ya saa kwa kila mruko wa kijeshi, hivyo ukiwa umeshaongeza, wao wataongeza juu ya nyongeza yako, na siku ikigundulika mwongo ni wewe.

Kuhusu ukapteni, tafadhali. Ofisa mkubwa aliyekaa nyuma na nyota zake begani si kapteni wa ndege, hata kama ndiye aliyesema "tunaondoka". Kapteni ni yule aliyeikubali ndege kwa sahihi yake. Nimewahi kuombwa nimhesabie mtu saa za namna hiyo. Nilicheka, halafu nikaogopa.

Kiti cha Nyuma

Afande wa meza, na sisi je? Zile ndege za kivita sita, Sukhoi Su-30MK2, zilizokuja Uganda kati ya 2011 na 2012 ni za viti viwili, na kiti cha nyuma kina usukani kamili. Nilikaa huko. Mara nyingine nilirusha nusu ya safari. Nijiandike rubani msaidizi?

Niliyekaa upande wa pili wa meza

Kuwa na usukani mbele yako si kuwa rubani wa mruko huo. Daftari la siku ile lilikutaja kwa kazi gani? Kama lilikutaja rubani msaidizi, na ndege inahitaji marubani wawili, ICAO inakupa saa zote. Kama ndege ni ya rubani mmoja na wa pili ameongezwa kwa matakwa ya nchi, kwa kawaida hupewi zaidi ya nusu. Kama ulitajwa kwa kazi ya silaha, logibuku ya rubani haikuhusu kwa safari hiyo, japo najua inauma.

Mwanzishaji

Nimesoma yote. Dada wa Kajjansi, umenichoma, lakini hesabu yako ya dakika 5 na 6 ni sahihi na imeninyima usingizi.

Kuhusu kifaa, unasema kweli. Kwenye Mi-17 kialama cha ndege ndicho kinacholala. Kwa hilo nikubali nikafunzwe upya, kwenye simuleta, hadi jicho lizoee. Lakini usiniambie kilichomo ndani ya saa zangu ni chepesi. Agosti 2012 helikopta zetu tatu za kivita za Mi-24 ziliangukia Mlima Kenya zikielekea Somalia. Mi-17 waliyoandamana nayo ilifika Garissa. Tangu siku ile hakuna aliyenifundisha hali ya hewa ya milimani kwa kitabu. Wamarekani wanaotaka saa 1500 kwa leseni ya juu ya ndege za mabawa wanampa rubani wa jeshi leseni yenye masharti akiwa na 750. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wameona kuna kitu kwenye mafunzo yale.

Mkufunzi wa Kajjansi

Afande, pole kwa wenzako. Sikuwa na nia ya kugusa hapo.

Ila mfano wa Marekani unanisaidia mimi. Wao wamepunguza kiwango, kwa sheria, mbele ya watu. Hawakumwambia rubani ajiongezee mwenyewe nyumbani kwake. Tukitaka hivyo hapa, tuombe hivyo hapa. Nami nitatia sahihi, wallahi, mradi na sisi wa Cessna tukumbukwe.

Bado Niko Ndani

Nyote mnasahau safu moja ya logibuku: kutoka wapi, kwenda wapi. Kuna safari zangu ambazo sina ruhusa ya kuandika zilitua wapi, na kitabu hiki nitampa mwajiri mgeni akifunue mbele ya kompyuta yake. Nimeona wenzangu wakiandika "Entebbe–Entebbe" kwa safari iliyolala nje siku tatu. Huo nao ni uongo, au sivyo?

Niliyekaa upande wa pili wa meza

Ni uongo. Andika "eneo la operesheni" na umwombe kamanda wako barua ya kuthibitisha tarehe na saa bila kutaja mahali. Mkaguzi mwenye akili hahitaji jina la kijiji. Na barua hiyo iombe ukiwa bado ndani, kabla hujavua kombati. Ukishatoka, kila dirisha litakuambia uje kesho.

Mwanzishaji, baada ya siku tisa

Nimerudi. Nilimfuata mzee wa Bombo hadi nyumbani, akanielekeza, nikapata daftari za helikopta mbili. Panya wamekula majalada, kurasa za ndani ziko nzima. Kwa miruko 265 nimelinganisha kuwasha na kuzima na saa za kikosi. Wastani wa tofauti si dakika 12. Ni 11. Hiyo ni saa 48 na dakika 35, kwa hiyo nina 988 na dakika 35. Nimepungukiwa saa 11 na dakika 25.

Miruko iliyobaki, 435, ilikuwa kwenye helikopta nyingine ambazo daftari zake sijaziona. Nimeiandika jinsi ilivyo, bila nyongeza, na mkono ulikuwa mzito. Bado nasema ni dhuluma. Logibuku nimeijaza kwa kalamu, kurasa kumi na nane, na ile karatasi ya pembeni imebanwa nyuma.

Fundi mstaafu, Bombo

Hizo nyingine ni namba ngapi mkiani? Usiiandike hapa, nipigie. Moja wapo ilipokwenda matengenezo makubwa tulibaki na nakala ya daftari, na nadhani najua kabati.