ANTLR inameza nafasi za mashairi, nifanyeje?

SkuliWete aliuliza:

Assalaam alaykum wataalamu. Nasomesha skuli moja hapa Wete, na usiku nachapa mashairi ya marehemu ami yangu kutoka kwenye daftari lake ili yawe kurasa za tovuti. Alama ni zangu mwenyewe: neno la kukolezwa hulitia baina ya nyota, beti hutengwa kwa mstari mtupu, na ukwapi na utao (vipande viwili vya mshororo) huviachanisha kwa nafasi mbili au zaidi, kama ami alivyokuwa akiandika.

    Karafuu *zimeiva*   jamvini zimeanikwa

Natumia ANTLR 4, programu inayotengeneza visomaji vya matini kutokana na sarufi unayoiandika, na nimeweka ile kanuni iliyozoeleka kwenye mifano:

    WS : [ \t\r\n]+ -> skip ;

Parsa (sehemu inayolinganisha matini na sarufi) inapita bila kulalamika, lakini kinachotoka ni «Karafuuzimeivajamvinizimeanikwa», na beti zote zimeungana. Nikiiondoa, makosa yanajaa skrini. Nikitia `NAFASI*` baina ya kila kitu, sarufi haisomeki.

barza_Malindi:

Waalaykum salaam mwalimu. Mifano hiyo ni ya vikokotoo: 3+4 na 3 + 4 ni hesabu ile ile, ndiyo maana nafasi hutupwa mapema kwenye leksa, sehemu inayokata matini kuwa vipande (tokeni) kabla ya parsa. Kwenye shairi lako nafasi ni maandishi, na mstari mtupu ndio unaosema ubeti umekwisha. Ukishaandika `skip`, parsa haina pa kuyajulia hayo.

Wapo watakaokwambia utumie `channel(HIDDEN)`. Tokeni hubaki kwenye mkondo, parsa haizioni, na matini ukiyachota kwenye mkondo wenyewe nafasi zinarudi. Lakini mwisho wa ubeti lazima parsa iuone, kwa hiyo hapo hujasaidika. Zifanye zote tokeni za kawaida:

    MWISHO_BETI   : MST MST+ ;
    MWISHO_MSTARI : MST ;
    PENGO : [ \t] [ \t]+ ;
    NAFASI : [ \t] ;
    NYOTA : '*' ;
    NENO : ~[ \t\r\n*]+ ;
    fragment MST : [ \t]* '\r'? '\n' ;

Leksa ya ANTLR huchukua tokeni ndefu kuliko nyenziwe. Mistari ikikatika miwili mfululizo, `MWISHO_BETI` inashinda. Nafasi zilizosahaulika mwisho wa mstari zinaingia ndani ya `MST` na hazimsumbui mtu. Kwenye sarufi, itaje nafasi pahala zinapostahili tu:

    mshororo : kipande PENGO kipande ;
    kipande  : (NENO | NAFASI | nene)+ ;
    nene     : NYOTA NENO (NAFASI NENO)* NYOTA ;

Nyota lazima iguse neno. `* zimeiva *` itakataliwa, na mimi naona ndivyo inavyotakiwa. CommonMark, yaani maelezo sanifu ya Markdown (ile namna ya kupamba matini kwa alama), nayo haiihesabu nyota iliyofuatwa na nafasi kuwa ya kufungulia.

Bi_Machomane:

Mie hapo kwenye PENGO sikubaliani nanyi. Nafasi mbili jicho halizioni, na simu nyingi ukigonga nafasi mara mbili zinakutilia nukta. Markdown ya 2004 ilizifanya nafasi mbili za mwisho wa mstari kuwa amri ya kukata mstari, na vihariri vingi huzifuta faili likihifadhiwa. CommonMark ikaruhusu mkwaju wa nyuma ufanye kazi hiyo hiyo. Mwalimu, tia mkwaju baina ya ukwapi na utao, kwenye ukurasa utauonesha kama pengo pana, na ami hatodhulumika:

    PENGO : [ \t]* '/' [ \t]* ;
    NAFASI : [ \t]+ ;

Na `NENO` ikatae mkwaju pia.

SkuliWete:

Ahsanteni sana. Bi Machomane umenipata, mwanangu ndiye anayechapa kwa simu na nukta hizo zilinishangaza. Beti zimekaa. Limebaki moja: nimetengeneza faharasa ya maneno, na «pepo za» imeingia kama neno moja. Ubeti huo niliunakili kutoka faili la zamani la Word.

barza_Malindi:

Hiyo ni nafasi isiyokatika, U+00A0. Ukiitazama ni nafasi kama nyengine, ila `[ \t]` haiitambui, basi `NENO` ikaibeba. Andika `[ \t\u00A0]` kwenye PENGO, NAFASI na MST, na uiongeze kwenye orodha ya vinavyokataliwa na `NENO`.