Mdogo wangu yuko jela, siku 14 za rufaa zimepita. Korti bado itamsikiliza?

BintiMajengo
Assalaam alaykum nduguzangu. Mdogo wangu anatumikia miaka 5 katika gereza moja huku pwani, kesi ya kuvunja duka. Alikaa rimandi miezi 11 kabla ya kuhukumiwa. Sasa ni mwezi wa nne tangu hukumu, na nakala za kesi aliziomba wiki ile ile, hazijatoka. Juu ya hayo, mwezi uliopita mashine ya karakana ya useremala ilimkata vidole viwili, na hospitali alifikishwa siku ya tatu. Jirani yetu anashikilia kuwa mfungwa hana mdomo kortini, tukifungua kesi tutamponza kijana. Mama halali usiku. Naombeni ushauri, pesa za wakili hatuna.

KaraniMstaafu
Wa alaykum salaam mwanangu, poleni sana. Jirani amekosea. Nimefanya kazi rejistri ya korti miaka mingi, nimepokea kwa mikono hii rufaa zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari. Kifungu cha 51 cha Katiba ya Kenya kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezi kabisa kwenda pamoja na kifungo. Kushtaki na kukata rufaa hazimo katika hizo zilizoondoka.

Siku 14 ni kweli zipo, sehemu ya 349 ya sheria ya kesi za jinai. Lakini sehemu hiyo hiyo inamruhusu jaji kupokea rufaa iliyochelewa kwa sababu nzuri, na ikiwa kilichochelewesha ni kukosa nakala za hukumu na mwenendo wa kesi, sheria inamlazimu aipokee. Kwa hiyo barua ya kuomba nakala ni dhahabu. Mnayo?

BintiMajengo
Ninayo, mzee wangu, ina mhuri wa korti. Shukran sana.

SheriaTudor
Dada, kuna swali hujaulizwa. Alikana mashtaka au alikubali?

BintiMajengo
Alikana mwanzo. Miezi 11 ile ikamchosha, akasimama akasema ni kweli. Aliambiwa na wenzake akikubali atatoka haraka.

SheriaTudor
Hapo ndipo penye uzito. Aliyekubali kosa, kwa kawaida rufaa yake huwa juu ya adhabu tu: ni kubwa mno, au si halali. Kupinga hatia yenyewe kunawezekana kama kukubali kwake hakukuwa wazi, mfano hakusomewa maelezo ya kosa, au hakuielewa lugha. Muulize neno kwa neno ilivyokuwa siku ile.

Angalia pia kama hakimu aliihesabu miezi 11. Sehemu ya 333(2) ya sheria hiyo hiyo ya kesi za jinai inamtaka aizingatie. Kama hakuigusa, mdogo wako aombe Mahakama Kuu iipitie adhabu hiyo. Lakini jueni, kwenye ombi hilo na kwenye rufaa pia, jaji ana uwezo wa kuongeza kifungo, na watu hawaambiwi.

NilikuwaNdani
Dada, nimeyaishi haya. Huhitaji kutafuta njia ya kuzitoa karatasi zake za rufaa gerezani. Sehemu ya 351 ya sheria hiyo: anamkabidhi mkuu wa gereza, naye ni wajibu wake kuzifikisha kwa msajili wa Mahakama Kuu. Abaki na nakala yenye tarehe. Rufaa yangu niliandikiwa na mfungwa mwenzangu aliyefunzwa usaidizi wa sheria. Aulize kama huko wapo. Nilipoitwa mbele ya jaji nililia, kwa sababu mtu mzima aliniuliza, "Wewe unasema nini?"

MamaKisauni
Na vidole, jamani? Mbona mmevipita?

SheriaTudor
Haki yako, mama. Hiyo ni kesi nyingine kabisa, ya madai, na saa yake inakimbia: kuishtaki serikali kwa madhara ya mwili ni ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Dada, omba sasa hivi rekodi za hospitali na uandike majina ya waliokuwa karakana. Mkiogopa ataonewa, Kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu wewe kwenda kortini kwa niaba ya mtu asiyeweza kwenda mwenyewe, na ombi la aina hiyo la kutetea haki za Katiba halilipiwi ada ya kufungua. Shirika la msaada wa sheria liitwalo Kituo cha Sheria lina ofisi hapa Mombasa. Iko pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya wasio na uwezo.

KaraniMstaafu
Ile barua yenye mhuri usimpe mtu yeyote. Toa kopi tatu kwanza.

BintiMajengo
Nimeshatoa, mzee. Kesho asubuhi naenda hospitali kuomba rekodi, Jumamosi ni siku ya kumtembelea. Nitamuuliza neno kwa neno alichoambiwa siku ile, nirudi hapa niwaandikie.