Mtu anafaidika nini yeye mwenyewe anapojiunga na klabu ya huduma kwa jamii?

Mleta mada

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mfanyakazi mwenzangu amekuwa akinialika kwenye mikutano ya klabu ya huduma kwa jamii ambayo yeye ni mwanachama, na sasa uongozi wa klabu hiyo umenipa fomu ya uanachama niijaze. Faida wanayoipata wanaohudumiwa naiona wazi, wala sina shaka nayo. Ninalotaka kulijua ni faida ya mwanachama mwenyewe, kwa sababu uanachama unadai ada, unadai jioni zangu na mara nyingine siku za mapumziko, nami nina kazi na familia inayonitegemea. Je, ni haki kuuliza nitapata nini, au swali lenyewe linaonyesha kwamba sistahili kujiunga? Na kama faida ipo, je, humfikia kila mwanachama au huishia kwa wenye vyeo? Naomba kuwasilisha.

Katibu Mstaafu

Ndugu mleta mada, swali lako ni la haki kabisa, na historia ya klabu hizi inakutetea. Rotary, mojawapo ya mitandao mikubwa ya klabu za huduma duniani, haikuanza kwa nia ya kuhudumia mtu yeyote wa nje. Wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, alikuwa akitafuta urafiki wa aina aliyoizoea tangu utotoni katika mji mdogo, urafiki ambao jiji lile kubwa lilikuwa halijampa. Na wanachama wa mwanzo hawakuona aibu kununua na kuuziana bidhaa na huduma wao kwa wao. Huduma ilifuata muda mfupi baadaye, na mradi wa awali unaokumbukwa, wa mwaka 1907, ulikuwa kampeni ya kupata vyoo vya umma katika jiji hilo. Lions, mtandao mwingine wa klabu za aina hii, nayo ilianza kwa njia inayofanana: mwaka 1917 Melvin Jones, mtu wa bima, aliwauliza wafanyabiashara wenzake, waliokuwa wakikutana kwa ajili ya biashara zao, kwa nini vipaji vyao visitumike pia kuboresha maisha ya jamii zao.

Kwa hiyo urafiki si ziada ya klabu hizi bali ni msingi wake. Mtu mzima akishazama katika kazi na familia, marafiki wapya humjia kwa shida, na wengi wanaomjia ni wa taaluma yake mwenyewe. Katika klabu utakaa meza moja na muuguzi, mhasibu, fundi wa majengo na mwalimu aliyestaafu, na kwa kuwa mna kazi ya kufanya pamoja, hamlazimiki kutafuta la kuzungumza. Urafiki unaoota namna hiyo huwa na mizizi, kwa sababu umemwona mwenzako akiwa amechoka, akiwa na hasira, na bado akarudi juma lililofuata.

Mweka Hazina

Nakubaliana na Katibu, ila naona amelipita jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, nalo ni ujuzi. Katika klabu nyingi uongozi hubadilika kila mwaka. Mwaka wa Rotary, kwa mfano, huanza tarehe 1 Julai, na rais mpya huingia na kamati zake. Maana yake ni kwamba nafasi za kujifunza hazikauki. Mahali pa kazi mtu anaweza kusubiri muda mrefu sana kabla ya kukabidhiwa bajeti au kuongoza kikao, lakini klabuni atapewa kamati ndogo, atatakiwa kupanga makisio, kutafuta wafadhili, kuandika taarifa na kusimama mbele ya wanachama kueleza kila shilingi imekwenda wapi.

Tena utawaongoza watu usiowalipa na usioweza kuwafukuza. Hapo amri haifui dafu: utalazimika kushawishi, kusikiliza, kugawa kazi kwa haki na kushukuru kwa wakati. Sijui chuo kinachofundisha hayo vizuri kuliko kamati ya watu wanaojitolea. Kuhusu vyeo, jibu langu ni kwamba faida hufuata jukumu, hata liwe dogo kiasi gani. Anayehudhuria, akala, akasikiliza mgeni mwalikwa na kuondoka, atalipa ada yake yote na kubaki vilevile alivyokuja.

Dada wa Kamati

Mimi ningependa kuongeza tahadhari. Klabu hizi hazikuwa wazi kwa kila mtu. Kwa miaka mingi wanawake tulizuiwa kuingia katika kubwa kati yake, na baadhi ya waliotutangulia walianzisha zao, kama Soroptimist iliyoanzishwa Oakland, California, mwaka 1921. Lions ilifungua milango mwaka 1987, mwaka uleule ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Rotary haikuwa na haki ya kikatiba ya kuwatenga wanawake mbele ya sheria ya California iliyokataza ubaguzi. Rotary yenyewe ikabadili katiba yake mwaka 1989.

Nayaeleza haya kwa sababu faida zote zilizotajwa hapo juu zinategemea jinsi klabu yako inavyompokea mgeni. Angalia kama wanachama wapya wanapewa kazi zenye uzito au wanatumwa kupanga viti tu. Uliza hesabu za mwaka uliopita zilisomwa lini mbele ya wanachama. Mahali ambapo kila mazungumzo huishia kwenye kadi za biashara, hutapata rafiki wala ujuzi.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Limebaki moja: je, ile furaha ya kuona mmefanya jambo la maana hudumu, au hupoa baada ya picha za mradi?

Katibu Mstaafu

Hupoa, iwapo miradi yenu ni ya siku moja. Hudumu mkishikilia jambo moja kwa muda mrefu. Rotary ilianza mpango wake wa kupambana na polio mwaka 1985, ikaungana na mashirika mengine mwaka 1988, na tangu hapo wagonjwa wa polio duniani wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Kazi kubwa kiasi hicho ilihitaji pia mwanachama wa kawaida aliyechanga kidogo au aliyesaidia siku ya chanjo, na ana haki ya kuihesabu kuwa yake.

Kabla ya kujaza fomu, omba kushiriki katika mradi mmoja ukiwa mgeni, tangu vikao vya maandalizi hadi siku ya kufunga hesabu. Klabu nzuri haitakukatalia.