Chipukizi wa Rockies: mnawapimaje?

Mwanga_Kgm
Wakuu, habari za jioni. Tangu shemeji aliyeko Denver anitumie kofia ya Colorado Rockies, timu ya besiboli ya huko, mchezo huo umeniingia damuni. Timu kubwa inafungwa sana, kwa hiyo macho yangu yako kwa madogo wa ligi za chini. Kuna mmoja yuko Fresno, timu yao ya ngazi za chini, ana miaka 23, kila wiki anapiga mpira unatoka nje ya uwanja. Mbona wachambuzi hawamtaji? Naona wanambania tu.

Kocha_Ujiji
Mdogo wangu, jibu liko kwenye hiyo miaka. Fresno ni ngazi ya kwanza kati ya nne. Ukitoka hapo unapanda Spokane, Hartford, Albuquerque, ndipo Denver. Wengi anaokutana nao ni wadogo kwake kiumri. Huku kwetu tungemwita kijeba. Sisemi kadanganya umri, ila mabavu yake yanaficha mengi.

Nafundisha watoto mpira wa miguu hapa Ujiji miaka mingi. Kuna mwaka nilichagua timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, nikamwacha dogo wa darasa la tano, kiatu kakifunga kwa uzi wa nyavu, nikamchukua wa la saba aliyekuwa anafunga kwa ubavu. Yule mdogo hakufunga hata bao, lakini kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuza shingo kuona nani yuko wazi. Baada ya miaka miwili wakalingana kimo, na yule mkubwa hakuwa na kingine cha kuonyesha. Inaniuma hadi leo.

Kwa mpigaji, shingo hiyo ni jicho lake: anaacha mipira mibaya hadi apewe besi ya bure (kituo cha kwanza bila kupiga) mara ngapi, na anatolewa mara ngapi kwa kukosa mipira mizuri mara tatu? Mtihani wenyewe ni Hartford, maana huko warushaji wanajua kuupinda mpira. Akifika Albuquerque usishangilie haraka. Uwanja uko juu ya mita 1,500, hewa nyepesi, mpira unapaa wenyewe.

Mnyamwezi_Tbr
Kocha kasema kweli, ila msimfute mtu mapema. Mpigaji Mike Piazza alichaguliwa na Dodgers ya Los Angeles mwaka 1988, raundi ya 62 ya kugawana chipukizi, karibu kila mtu kashapita. Mwaka 2016 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji wa besiboli. Soma na alama za maskauti, wasaka vipaji: wanatoa 20 hadi 80, na 50 ndiyo saizi ya mchezaji wa kawaida wa ligi kuu.

Mwanga_Kgm
Shikamoo kocha, asante. Nimerudi kuangalia, kumbe huyu wangu anatolewa kwa kukosa mara nyingi mno. Hapohapo kuna wa miaka 19, hapigi mbali, lakini mpira mbaya haugusi. Namhamia huyo. Na yule dogo wa uzi wa nyavu yuko wapi siku hizi?

Kocha_Ujiji
Marahaba. Yuko Kasulu, anacheza namba nane ligi ya mkoa. Jumamosi naenda kumtazama.