ETI DISKI IMEZEEKA! Fundi yule yule mnayemjua

Jamani, nimempelekea kompyuta yangu, diski imejaa, nimetoka kwake sasa hivi, damu inachemka. Fundi wa ghorofani, mwenye feni inayonguruma kushinda matatu ya Kisauni. Mnamjua.

"Diski imezeeka." Mbele ya wateja, na hajafungua hata folda moja! Kaona mstari mwekundu wa kujaa kwenye C, diski ya Windows, mkono ushaingia drooni kutoa diski mpya. Kesho ataniambia kibodi yataka miwani.

Diski haijai kwa uzee! Inajazwa na faili, na faili zina majina. Nimewasha WizTree, programu ya kuonyesha faili zipi zimekula nafasi, pale pale kwenye ngazi, kwa ruhusa ya msimamizi ili isifichwe kitu. Inasoma moja kwa moja orodha kuu ya faili ya NTFS, mpango wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, haipekui folda moja moja, kwa hivyo sekunde chache tu: Windows.old GB 27, hiberfil.sys, faili ya kuilaza kompyuta (hibernate), GB 6. Windows.old ni mabaki ya kupandisha toleo: ingia Mipangilio, Mfumo, Hifadhi, Faili za Muda, weka tiki, futa. Hiberfil ni amri moja, powercfg /h off. GB 33 zimerudi. Na yeye, "imezeeka"!

KisauniKwetu: Yule! Wallahi hata ukimpelekea redio atakuuzia diski.

Mwana_Mvita: Na wewe wayajua yote haya, kwake ulifuata nini? Ukizima hiberfil, kuwaka haraka nako kwaheri. Na WinSxS, folda ya vipande vya Windows yenyewe, usiifute kwa mkono, Windows itakufa. Ukubwa wake unadanganya, faili nyingi humo ni zile zile za System32, folda kuu ya mfumo, zikihesabiwa tena. Tumia amri ya Windows yenyewe ya kuisafisha: DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup.

Mwenye uzi: Hujanielewa. Kasema IMEZEEKA. Mbele ya watu!

Bi_Tononoka: Mimi nimenunua ya GB 256, naona 238. Nimeibiwa?

Mwana_Mvita: Hujaibiwa. Kutoka KB hadi MB hadi GB, kiwanda chahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024.

ChaiYaTangawizi: Diski si kitu. Yule anayejaza wino wa printa kwa sindano je? Ukurasa wa tatu ushatoka mistari mistari.

KisauniKwetu: Hewa imeingia kwenye katriji hiyo. Mweusi ama wa rangi?

ChaiYaTangawizi: Wa rangi! Picha za pasipoti zimetoka kijani.

Bi_Tononoka: Ni yule wa karibu na Marikiti? Mbona kafunga duka na katriji zangu ziko ndani!